Usisome Mvua

Kwanza jina, alisema Bi Khavere.
Kabla ya mbavu, kabla ya moyo, soma jina,
maana kuna mwaka kifua cha Mukabwa wa Shinyalu
kilipewa dawa za Mukabwa wa Malava,
na hadi leo sijamwomba radhi yule wa Malava.
Hayuko.

Nilikuja Kakamega na stetoskopu mpya
nikidhani kuona ni kufumbua macho.
Taa ya ukutani ikawashwa nyuma ya filamu
nami nikaona ukungu tu, ukungu juu ya ukungu.
Kushoto kwake ni kulia kwangu,
na nyeupe, niliyofundishwa tangu ubatizo kuwa safi,
hapa ndiyo ya kutiliwa shaka.
Weusi ndio hewa, alisema. Weusi ndio mtu anapumua.
Ukiona peupe, uliza: ni mfupa, ni maji, au ni shida?

Nikajifunza kuhesabu mbavu kwa ncha ya penseli,
kutoka nyuma, zikiteremka kama vipandio vya ngazi.
Bomba la hewa likae katikati.
Moyo usizidi nusu ya nyumba aliyopangishiwa.
Pembe za chini ziwe kali za kukata uzi;
zikifutika, jua maji yamepanda kimyakimya ukutani
kama chai kwenye kikombe kilichoinama.
Na mwisho, nyuma ya moyo,
pale wavivu hawaangalii.

Wiki ya pili nikaandika: kifua kikuu, pafu la kulia, juu.
Nikapiga na mstari chini.
Binti alikuwa wa kidato cha tatu, likizo ya Agosti, kutoka Lurambi.
Bi Khavere akamwita,
akamfunga nywele utosini kwa kipande cha glavu,
akampiga picha tena.
Kile kivuli kilikuwa msuko.
Hakunicheka. Heri angecheka.
Alisema tu: ungemmezesha vidonge miezi sita
kwa sababu shangazi yake anajua kusuka.

Kisha Lisamula, mchimbaji.
Nyuma ya ukuta nilisikia: vuta pumzi, ishike,
na kikohozi kikajibu kabla ya mashine.
Mara tatu. Ya nne ikakubali.
Nikaitundika. Mapafu yote mawili
yamenyunyiziwa punje nyeupe,
kama unga uliomwagika kwenye kitambaa cha matanga,
juu hadi chini, hakuna upande uliosamehewa.
Alikuwa mlangoni akifunga vifungo vya shati.
Akaona kabla sijaigeuza.

Hiyo ni dhahabu? aliuliza.
Miaka kumi na tisa shimoni kule Ikolomani, daktari,
nimekuwa nikijiuliza ilikokuwa ikienda.

Sikuwa daktari. Sikujua kama anatania.

Ndipo umeme ukakatika,
saa tisa, mvua ikianza kugonga mabati ya wodi ya watoto.
Taa ikafa, Lisamula akawa kioo cheusi.
Kwa haraka nikaibandika filamu dirishani
na mawingu ya kutoka msituni yakaingia pafuni mwake,
yakitembea, yakijazana,
nami nikaanza kutaja: hapa kuna maji, hapa kuna—
Ngoja, alisema Bi Khavere.
Usisome mvua.

Tukangoja, watu watatu na benchi moja.
Gizani nikamsikia akipumua,
pumzi fupi fupi, za mtu anayepanda kwa kamba,
na nikajua kwamba tangu asubuhi
nilikuwa nimesoma vifua kumi na vinne
bila kusikiliza hata kimoja.

Jina lako la kwanza ni nani? nikamwuliza.
Lilikuwa pembeni mwa filamu, juu. Nilikuwa nimeliruka.

Jafetha, alisema,
akakohoa,
akalirudia.